Miriamu wa Pasiansi

Nimerudisha ufunguo wa studio na kitambulisho. Hedifoni zangu za zamani mmeniachia, kwa sababu hakuna mwingine anayezitaka. Ninyi wadogo zangu mnaobaki pale redioni mmeniomba niandike kuhusu miaka yangu ya kazi, "hata kurasa chache tu, Mama Koku." Haya, naandika. Lini nilipandishwa cheo na nani alinipa meza ya dirishani, hayo yapo kwenye faili langu na hayamfundishi mtu kitu. Mimi nataka kuwaambia habari ya mchezo mmoja wa redio. Ni miaka mingi sasa, lakini nikiukumbuka moyo bado unanienda mbio, na mume wangu ananiuliza nacheka nini peke yangu jikoni.

Nilitoka Bukoba, binti wa mwalimu aliyelima kahawa, nikiwa na cheti cha ualimu na Kiswahili cha darasani. Redio ya kanisa hapa Mwanza ilikuwa inatafuta mtu wa kusoma matangazo ya vifo na ratiba za ibada. Siku ya kwanza nilivaa gauni langu la Pasaka. Aliyenipokea mlangoni alikuwa fundi wa sauti, Mzee Shija, Msukuma mrefu mwenye kalamu nyuma ya kila sikio.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Shika hii." Akanipa sinia la bati la kuokea mikate. "Nikiinua kidole, litikise. Wewe ni radi."

Basi kazi yangu ya kwanza redioni ilikuwa radi. Nililitikisa lile sinia mpaka msomaji wa habari za Nuhu akapoteza mstari. Mzee Shija akavua hedifoni, akaniangalia.

"Radi nzuri sana. Ila radi haicheki."

Kumbe nilikuwa nacheka bila kujijua. Nilirudi nyumbani siku ile nikijua kwamba vifo na ratiba atasoma mwingine.

Huyo mzee ndiye aliyenifundisha kazi. Enzi zile tulikata mkanda kwa wembe na kuuunga kwa gundi ya karatasi. Ukikosea, sentensi ya askofu inabaki sakafuni. Alinifundisha kuvisha maikrofoni soksi ya sufu, kwa sababu upepo wa ziwani unaunguruma kama lori. Alinifundisha pia kupima kila kipindi kwenye redio ndogo mbovu kabla hakijaenda hewani. Aliiweka makusudi dirishani, imefungwa kwa mpira wa baiskeli. "Kikisikika hapa," alisema, "kitasikika kwenye mtumbwi." Mkiitupa ile redio nitakuja kuiokota.

Miaka ilipita, mikanda ikaondoka, kompyuta zikaja, na mimi nikawa mtayarishaji wa michezo. Ndipo tukaamua kutengeneza mchezo mrefu wa wana wa Israeli, kuanzia utumwani Misri mpaka nchi ya ahadi, kipande kimoja kila Jumapili alasiri. Niliandika skripti mwenyewe. Sijawahi kuwa na furaha ya kazi kama ile. Farao alikuwa muuza nyavu mpole kabisa, mwenye sauti nzito kama ngoma. Kwa sauti za kazi ya utumwa nilipanda milima ya mawe ya Ilemela, nikawakuta akina mama wanaoponda kokoto kwa nyundo. Nikawaeleza kwamba nataka wawe Waisraeli wanaoteswa.

"Sisi hatuigizi, dada," mmoja akanijibu bila kuinua kichwa. "Wewe rekodi tu."

Nikarekodi. Ile ndiyo sauti ya Misri mliyoisikia.

Kilichotushinda kilikuwa bahari. Utaigawanyaje bahari redioni? Ziwa letu, pamoja na ukubwa wake wote, likiingia kwenye maikrofoni linasikika kama mafuta ya kukaangia vitumbua. Nilikwenda ufukweni mara nyingi nikitafuta wimbi lenye heshima kidogo. Siku moja nilikuwa Pasiansi, nimejikunja karibu na maji na maikrofoni yangu kwenye fimbo, nikasikia sauti nyuma yangu.

"Wewe mwenye kijiti! Unavua nini hapo?"

Nikageuka. Mama wa makamo ya bibi, amejifunga kitenge kiunoni, anageuza dagaa kwenye mchanga huku akiwafukuza korongo.

"Navua sauti, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Sauti haianikwi. Toka kwenye dagaa wangu."

Nilitoka, lakini niliondoka nikitetemeka kwa furaha. Ile sauti! Haikuwa ya kelele. Ilivuka ufukwe mzima bila kupanda juu, na kila neno lilifika likiwa zima. Nilikuwa nimetafuta Miriamu, dada yake Musa, kwenye kwaya zote za mjini nikawapata wasichana wenye sauti za asali. Lakini Miriamu alipovuka bahari alikuwa mama mtu mzima, amekula chumvi ya kutosha. Kesho yake nilirudi pale, na kesho yake tena, nikageuza dagaa pamoja naye, mpaka akakubali kuja studio "kuona hiyo nyumba isiyo na madirisha."

Jina lake Bibi Restituta. Kusoma hakujui, kwa hiyo nilimsomea maneno naye akayashika mara moja, kisha akarekebisha yale niliyoyaandika vibaya. "Hakuna mama anayesema hivi," alikuwa ananiambia. Nilikuwa nafuta.

Na bahari tuliigawanya. Wazo lilikuwa la Mzee Shija. Tangu Waisraeli wanapofika ufukweni, maji yanasikika chini ya kila neno, mfululizo, mpaka msikilizaji anayasahau. Halafu Musa anainua fimbo, na Mzee Shija anazima maji. Kimya. Halafu hatua moja ya mguu kwenye mchanga wenye majimaji. Tulipoijaribu mara ya kwanza nywele zilinisimama. Bibi Restituta, aliyekuwa nyuma ya kioo, aliruka kwenye kiti.

"Jamani, maji yamekwenda wapi?"

Mzee Shija akanishika mkono. Hakuna sifa nyingine tuliyoitaka.

Kisha Bibi Restituta akaimba wimbo wa ng'ambo ya bahari, tuliotunga wenyewe. Aliimba akipiga makofi na miguu, kwaya ikamfuata kama upepo umewasukuma. Wimbo ulipokwisha kila mtu alikuwa anarukaruka isipokuwa yeye. Alibaki amekaa, ananiuliza taratibu.

"Hawa watu walipotoka, walitoka na nini?"

"Na mifugo, bibi. Na unga uliokandwa, haujaumuka."

"Basi walitoka na kitu," akasema. "Mimi nilitoka na nguo niliyovaa."

Ndipo akatueleza. Kwao ni kisiwa cha Ukerewe, kijiji kimoja mbali kidogo na Nansio. Mumewe alikufa, yeye akabaki kwenye mji wa mumewe, anakausha samaki kwa moshi. Moshi uliyafanya macho yake kuwa mekundu, na kwao macho mekundu huitwa ya mchawi. Mtoto wa shemeji yake alipozama ziwani, kijiji kilitafuta wa kulaumiwa, na shemeji mwenyewe, Magesa, ndiye aliyesimama mbele za watu akasema, "Muangalieni macho." Walichoma nyumba yake mchana kweupe. Alikimbilia ufukweni, wavuvi wasiomfahamu wakamchukua mpaka Mwanza. Hakupeleka salamu tena. Aliogopa kwamba wakijua yu hai, watamgeukia mdogo wake Leokadia. Watu wa kwao walisadiki kwamba alizama njiani.

"Ndiyo maana nakuuliza," akamalizia. "Nataka kujua nimuimbe vipi mtu aliyetoka na kitu."

Tukaimba tena, na hiyo ya pili ndiyo iliyokwenda hewani.

Jumapili ile simu ya studio haikupumzika. Watu walituma salamu, wengine waliuliza bahari tulirekodi wapi. Katikati ya hizo ikaingia simu ya mwanamke anayepumua kwa nguvu.

"Napiga kutoka Ukerewe. Huyo anayeimba Miriamu, ni marehemu au ni mtu?"

"Ni mtu, mama. Yupo. Anaanika dagaa hapa Pasiansi."

Nilisikia ukelele, kisha simu ikaanguka, kisha kuku. Sikujua kama nimefanya jema au baya. Kesho yake yule mwanamke alishuka kwenye meli ya Nansio akaja moja kwa moja redioni, amebeba jogoo kwapani. Nilimtuma mtu kumwita Bibi Restituta bila kumweleza sababu, kwa kuogopa kukosea. Aliingia mapokezi akiwa bado na magamba ya dagaa mikononi. Wakatazamana.

"Restituta," yule mgeni akasema, "umezeeka!"

"Na wewe umenenepa, Leokadia."

Wakakaa pale chini sakafuni wakilia na kucheka na kushikana nyuso, jogoo akazunguka mapokezi akiwika, na mimi nikasimama mlangoni kuzuia wageni. Meneja aliuliza kuna nini. Nikamwambia kuna kipindi.

Leokadia alitaka waondoke kwa meli ya siku ileile. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa mwingine sasa, kijana aliyesoma, na amesema hadharani kwamba hakuna atakayemgusa mtu. Bibi Restituta alimsikiliza mpaka mwisho.

"Magesa yupo?"

"Yupo, dada. Amezeeka."

"Amesema nini?"

Leokadia akainamisha kichwa. "Hajasema kitu."

"Basi siendi. Nirudi nikipita nyuma ya nyumba kama mwizi wa mihogo? Walinitoa mbele za watu wote."

Alikataa kabisa. Leokadia alirudi peke yake akilia, na Bibi Restituta akarudi kwenye dagaa wake, na mimi nikarudi kwenye skripti yangu ya jangwani. Hapo ndipo nilipokutana na jambo nililokuwa nimelisahau. Katika safari ile, Miriamu alimsema vibaya Musa, akapatwa na ugonjwa wa ngozi, akatolewa nje ya kambi siku saba. Kalamu ilinidondoka. Nilimfuata Mzee Shija nyumbani kwake, maana alikuwa amekwisha kustaafu, na studio alikuja kwa ajili ya mchezo huu tu.

"Mzee, hili nalirukaje? Siwezi kumpa yule bibi aigize hivi."

"Kwa nini uamue wewe?" akaniuliza. "Msomee. Akikataa, tutaruka."

Nilimsomea palepale ufukweni, tumekaa juu ya jiwe. Nilipofika pale Miriamu anapotolewa nje, aliacha kugeuza dagaa.

"Kumbe na yeye walimtoa."

"Yeye alikuwa na kosa, bibi. Wewe hukuwa nalo."

"Hilo nalijua kuliko wewe. Endelea. Hao waliobaki kambini walifanyaje?"

"Walingoja," nikasema. "Taifa zima. Hawakung'oa hema hata moja mpaka Miriamu aliporudishwa."

Korongo walishuka wakaanza kula dagaa. Hakuwafukuza.

"Soma tena hapo."

Nikasoma.

"Hapo pa kungoja tu. Soma tena."

Nikasoma mara ya tatu, naye akasimama akajifunga kitenge upya, macho yanamwaka.

"Nitaigiza. Lakini siigizi hapa. Hao Waisraeli wenu wa Mwanza hawajanitoa popote, wanangoja nini? Nataka wangoje wale wa kwetu."

Nilielewa polepole, na nilipoelewa nilipiga kelele mpaka wavuvi wakageuka. Nilimpigia Leokadia simu papo hapo. Leokadia alikwenda kwa mwenyekiti, na mwenyekiti akapiga mbiu: redio inakuja kutengeneza mchezo kijijini, na wote watakuwa Waisraeli. Meneja aliniuliza kama nimechanganyikiwa. Nikamwomba anijibie swali hilo mwenyewe nikisharudi na rekodi.

Tulivuka kwa meli asubuhi yenye jua, mimi, Mzee Shija, Bibi Restituta na mwalimu mmoja aliyekuwa akiigiza Musa. Bibi alivaa kitenge kipya cha rangi ya machungwa. Nansio ikaonekana. Hapo alinishika mkono akaubana mpaka vidole vikafa ganzi.

Uwanja wa mbele wa nyumba ya Leokadia ulikuwa umefurika. Watu walikuwa wamekalia kuta na miti, akina mama na watoto migongoni, wazee kwenye viti vya kuazima. Ng'ambo ya mfereji, nyuma ya ua, kulikuwa na shamba la mihogo. Bibi Restituta aliomba apelekwe huko kwanza, kwa njia ya pembeni, asionane na mtu. Nilimketisha kwenye kigoda, nikamwekea maikrofoni moja, nyingine nikaifunga kwenye mti katikati ya uwanja. Mzee Shija alikaa kati na mashine, hedifoni masikioni, sikio moja kwa umati na sikio moja kwa mihogo.

Nilipowaangalia watu nikamwona mzee amesimama nyuma kabisa, ameegemea fimbo, hakuna aliyekaa karibu naye. Leokadia akaninong'oneza, "Ndiye Magesa." Nilidhani amekuja kuharibu.

Nikawaeleza watu la kufanya. Musa atasema, "Ng'oeni hema, tusafiri." Nao wote watajibu, "Hatuondoki mpaka Miriamu arudi!"

Mara ya kwanza walijibu kama watu wanaokohoa kanisani. Mzee Shija akatikisa kichwa. Mara ya pili watoto walipaza sauti, wakubwa wakatazama chini. Nilijua kwa nini. Wengi wao walikuwepo siku ile ya moto, na shamba la mihogo lilikuwa karibu sana.

"Mara ya mwisho," nikasema. "Semeni mkimaanisha, au msiseme kabisa."

Musa akaita: "Ng'oeni hema, tusafiri!"

Bibi mmoja mdogo wa mwili, aliyekalia kinu, akasimama akapiga yowe.

"Hatuondoki mpaka Restituta arudi!"

Kikazi, hapo kipande kilikuwa kimeharibika. Mzee Shija akaniangalia, kidole juu ya kitufe, nami nikamwashiria asizime. Yule bibi akarudia, na jirani yake akadakia, na jirani wa jirani, mpaka uwanja mzima ukawa unanguruma, "Restituta! Restituta! Hatuondoki!" Watu walipiga miguu chini, vumbi likapanda. Wengine walikuwa wanalia. Hata Musa wangu alikuwa anapiga kelele, badala ya kuongoza taifa.

Ndipo nikamwona Mzee Magesa anatembea. Alipita katikati ya umati, watu wakampisha na kelele zikapungua kila alipopita, mpaka akavuka mfereji akaingia kwenye mihogo. Nilinyakua hedifoni za Mzee Shija nikazivaa, kwa hiyo nilisikia kabla ya wote.

Nilisikia majani yakisukumwa. Nilisikia mzee anahema.

"Shemeji," akasema. "Ulikuwa uchungu wa mtoto. Nilisema kitu nisichokijua. Nilikusingizia."

Kisha ikaja ile sauti ya Pasiansi, haijapanda juu, kila neno zima.

"Sema kwa nguvu, Magesa. Mashine haijasikia, na wale kule hawajasikia."

Akavuta pumzi. Kisha akasema kwa sauti yake yote ya uzee, ikapasuka katikati, na kila mtu uwanjani akasikia bila mashine yoyote: "Restituta hakuua mtoto wangu! Nilimsingizia!"

Waliotokea kwenye mihogo walikuwa wawili. Kwenye mfereji Bibi Restituta alisita, na Mzee Magesa akamnyooshea ncha ya fimbo. Aliitazama ile fimbo kitambo, akaishika, akavuka. Vigelegele vilivyolipuka hapo viliuma masikio, Leokadia akakimbia, watoto wakakimbia, na mimi mtayarishaji mwenye uzoefu nikakimbia pia nikiwa nimesahau hedifoni kichwani, nikaung'oa waya. Kwa bahati Mzee Shija aliushika mkononi, akauchomeka tena, machozi yanamtiririka mpaka kwenye ndevu.

Bibi Restituta hakurudi Mwanza. Alikaa kwa mdogo wake, na wale dagaa wa Pasiansi alimwachia jirani. Kipande chetu kilikwenda hewani jinsi kilivyo, na jina lake ndani yake. Mapadri wawili na mchungaji mmoja walipiga simu kutuarifu kwamba mama huyo kwenye Maandiko haitwi Restituta. Niliwashukuru kwa kusikiliza kwa makini.

Jioni ileile ikaja simu kutoka Ukerewe. Nyuma yake nilisikia watu wanaimba, na ngoma, na mtu anacheka mpaka anakwama.

"Koku!" Bibi Restituta alipaza sauti, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akipaza. "Rudieni kile kipindi! Waliposikia tu sauti zao walianza kupiga kelele, mpaka mwisho hapa hakuna aliyesikia kitu!"

Jumapili iliyofuata tukakirudia.